Testa ya koili ikinyamaza, ikitetemeka nusu au ikiangusha breka: chanzo na la kufanya

Multimita ilisema volti 93. Testa ya koili ilinyamaza. Waya ulikuwa ule ule, wa taa ya ngazi kwenye flati moja Umoja, na vijana wangu wawili walikuwa wamesimama pale kila mmoja akitetea chombo chake. "Fundi, huu waya uko na stima, si unaona namba?" akasema mmoja. Mwenzake akasema haiwezekani, testa ingetetemeka. Niliwaambia wote wawili wako sawa, na kwamba sitamwachia yeyote kati yao ufunguo wa meni swichi mpaka anieleze ni kwa nini.

Testa yenyewe nililetewa na jamaa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ambako mafundi huiita Wiggy. Hapa Nairobi wengi wetu tumekulia kwenye testa ya bisibisi na multimita, kwa hiyo mtu akiishika hii mara ya kwanza anaisoma kwa mazoea ya vyombo vingine. Mazoea hayo ndiyo yanayoumiza watu, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kinachotokea ndani

Hakuna betri wala kioo cha namba. Kuna koili ya waya mwembamba, na katikati yake kipande cha chuma kilichoshikwa na springi. Ukigusisha ncha zake mbili kwenye volti, koili inakuwa sumaku na kukivuta chuma; volti zikiongezeka chuma kinavutwa zaidi na mshale unapanda. Stima yetu ni ya hezi 50, hivyo sumaku huvuta mara 100 kwa sekunde, na huko ndiko kunakotoka ule mngurumo. Kwenye volti 240 unausikia kiganjani kabla hujautazama mshale. Kwenye 415, fezi kwa fezi, inagonga kama kitu kinachotaka kutoka.

La kushika ni kwamba testa hii inakula stima ili ifanye kazi. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa karibu omu milioni 10, kwa hiyo haiusumbui waya hata kidogo. Testa ya koili huwa na maelfu tu ya omu. Tuseme elfu 10, ingawa zinatofautiana: kwenye volti 240 inapitisha miliampea 24. Karibu kila dalili nitakayoitaja inatoka kwenye hesabu hiyo moja.

Kabla ya dalili yoyote: kidole

Testa ya bisibisi, ile yenye taa ndogo ya neoni na kichwa cha chuma unachogusa kwa kidole gumba, ina rezista kubwa sana ndani yake. Kinachopita mwilini mwako ni kidogo mno, sehemu ndogo ya miliampea 1. Ndiyo maana tunagusa bila woga.

Ukiuleta mtindo huo kwenye testa ya koili, yaani ncha moja kwenye laivu na nyingine mkononi mwako ili uone kama itatetemeka, mwili wako umeungwa mfululizo na koili ya omu elfu 10. Jumlisha mwili wenyewe, piga hesabu, unapata karibu miliampea 20. Kuanzia 10 hivi watu wengi misuli hukaza na mkono haufunguki tena. Na RCD ya miliampea 30, ile breka yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T, inaweza kukutazama tu bila kuanguka kwa sababu 20 haijafika kiwango chake. Tafadhali, kama una kijana unayemfundisha, mwonyeshe hili kabla hujampa chombo.

Kwa sababu hiyo hiyo mpangilio wa kugusa una maana. Tanguliza ncha ya nyutro au ya ardhi, kisha laivu. Ukitoa, toa laivu kwanza. Ukifanya kinyume, ncha iliyobaki hewani inakuwa na moto kupitia koili, na iko karibu na vidole vyako. Unapoachia utaona pia cheche ndogo. Hiyo ni koili ikitema sumaku yake, na inaweza kumshtua mtu aliyeshika chuma cha ncha. Funika ncha kwa plastiki mpaka ibaki chuma kidogo tu wazi. Mwongozo wa Uingereza uitwao GS38 unataka kisichozidi milimita 4, na mimi nafuata huo.

Multimita inaonyesha volti, testa imenyamaza

Turudi Umoja. Taa ya ngazi ile huwashwa kwa swichi mbili, moja chini na moja juu. Kati ya swichi hizo hupita nyaya mbili ndani ya paipu moja. Taa ikiwa imewaka, mmoja una moto na mwingine unaning'inia, haukugusa kitu upande wowote. Huo unaoning'inia, kwa kulala ubavuni mwa mwenzake kwa mita nyingi, huambukizwa volti. Mafundi wengine huziita volti za kivuli, na jina linafaa: zinaonekana lakini hazina nguvu ya kusukuma chochote. Multimita isiyokula stima inaziona vizuri. Testa ya koili ikizigusa, zinaanguka hadi sifuri papo hapo.

Hapo kijana wa testa alikuwa na haki ya kufurahi. Ila nilimwomba mwenzake apande juu abonyeze swichi. Testa ikaruka mkononi mwake: volti 240 kamili, kwenye waya ule ule ambao sekunde tano nyuma ulikuwa kimya. Mpangaji yeyote anayeshuka kununua mkate angeweza kubonyeza swichi ile. Kwa hiyo tuligundua kwamba volti 93 zilikuwa za kivuli, sawa, lakini hatukuwa tumegundua kwamba waya ni salama. Usalama ulikuja tuliposhusha breka ya ngazi, tukaifunga kwa kufuli na kubandika karatasi.

Kuna chanzo kingine cha dalili hii hii, nacho ni kibaya zaidi. Testa nyingi za aina hii hazisogezi mshale kabisa chini ya volti 90 au 100. Ukikuta volti 60 za kweli, zenye nguvu nyuma yake, multimita itasema na testa itanyamaza. Kuzitofautisha: weka multimita na testa sehemu moja kwa wakati mmoja. Testa ikiguswa na namba ya multimita ikaporomoka hadi karibu sifuri, hicho ni kivuli. Namba ikibaki palepale, hiyo ni volti halisi, na usiguse.

Testa imenyamaza mahali ulipotarajia moto

Kwenye soketi, anza na jambo dogo. Soketi zetu za pini tatu zina vifuniko ndani vinavyoziba matundu mpaka pini ndefu ya ardhi ivisukume. Ncha ya testa huishia kwenye plastiki, haifiki kwenye chuma, nawe unatangaza soketi imekufa. Usisukume bisibisi kwenye tundu la juu ili ufungue hayo mengine. Zima breka, fungua uso wa soketi, uvute mbele, kisha washa upime kwenye skrubu za nyuma ukiwa umesimama vizuri. Na uangalie kama swichi ya soketi yenyewe imewashwa; nimeona mtu akipasua ukuta kwa kulisahau hilo.

Ikiwa kimya ni cha kweli kati ya laivu na nyutro, usikimbilie kusema hakuna stima. Pima laivu kwa ardhi. Ikinguruma hapo, laivu ni nzima na nyutro ndiyo iliyokatika. Nyumba ya namna hii inadanganya sana: taa haziwaki, kila mtu anadhani stima imepotea, kumbe moto umejaa. Friji ikiwa bado imechomekwa, moto unapita ndani yake na kurudi kwenye waya wa nyutro, kwa hiyo ukipima nyutro kwa ardhi testa inatetemeka. Waya mweusi ambao umezoea kuushika bila wasiwasi sasa unaua. Tena rangi zenyewe usizitegemee: kwenye nyumba za zamani mweusi ni nyutro, kwenye kebo za mfumo mpya mweusi ni fezi mojawapo na nyutro ni bluu, na hapa mjini unakuta mifumo yote miwili kwenye bodi moja.

Kwenye fezi tatu, kimya kati ya fezi mbili kina maana nyingine kabisa. Testa inapima tofauti. Ncha zote mbili zikiwa kwenye fezi moja, tofauti ni sifuri, ingawa kila moja ina volti 240 kwa ardhi. Hutokea mahali fezi moja ilipopotea na mtu akaunganisha nyumba zake kwenye fezi ya jirani, jambo ambalo si geni kwenye plot zetu. Ndiyo maana kabla ya kugusa bodi ya fezi tatu, tunapima mara kumi: fezi kwa fezi mara tatu, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa ardhi, na nyutro kwa ardhi. Inachukua dakika mbili.

Halafu kuna kimya cha mtaa mzima. Umepima, waya umenyamaza, umeanza kukata, kumbe stima ilikuwa imepotea dakika ile ile na inarudi ukiwa umeshika waya. Kinga yake ni kurudi: pima mahali unapojua pana moto, pima waya wako, kisha rudi upime tena pale pa kwanza. Pa kwanza pakiwa pamenyamaza ukirudi, hujui lolote kuhusu waya wako. Labda stima imepotea, labda testa imekufa. Subiri.

Inatetemeka, lakini kwa unyonge

Mshale ukifika nusu ya pale unapofika siku zote, linganisha kwanza na soketi nyingine. Kumbuka pia kushika testa wima namna ile ile kila mara, kwa sababu chuma cha ndani kina uzito, nacho huongeza au kupunguza kidogo kutegemea ulivyoiinamisha.

Kama unyonge ni wa sehemu moja tu, kuna kiungo kilichoharibika sana: kimeungua, kimejaa kutu, waya umebaki uzi mmoja. Lakini hapa nataka kuwa mkweli kuhusu kikomo cha chombo hiki, kwa maana nimesikia mafundi wakisema testa ya koili hugundua kila kiungo kibovu. Haigundui. Chukua kiungo chenye omu 3, kibaya sana. Testa ikipitisha miliampea 24, inapoteza hapo chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Mshale utakuwa wima kama kawaida. Chomeka birika la wati 2000, linalovuta ampea 8 na kitu, na kiungo hicho hicho kitameza zaidi ya volti 20 na kutoa joto la zaidi ya wati 150 ndani ya boksi la plastiki. Mama wa nyumba akikuambia "fundi, soketi hii inanuka nikichemsha chai", mwamini kuliko testa. Zima, fungua, utaona skrubu iliyolegea na plastiki iliyogeuka kahawia.

Unyonge nyumba moja na mshale kupita 240 nyumba ya jirani ni hali ya dharura. Nyutro kuu ya jengo lenye fezi tatu imekatika, na nyumba zinagawana 415 kati yao kulingana na nani amewasha nini. Huko ndiko televisheni huungua mlango baada ya mlango. Usianze kutafuta. Mwite keateka, shusheni meni swichi ya jengo zima, ndipo mzungumze. Kiungo kikiwa kabla ya mita, hapo ni kazi ya Kenya Power, sili isiguswe; kikiwa baada, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati.

Ukipima laivu kwa ardhi, RCD inaanguka

Hii si hitilafu. RCD hulinganisha stima inayokwenda na inayorudi kwa nyutro. Miliampea 24 zikitorokea kwenye ardhi kupitia testa yako, inaziona. RCD ya 30 lazima iwe imeanguka kufikia 30, na inaruhusiwa kuanguka popote juu ya 15, kwa hiyo yako ikianguka na ya jirani isianguke, zote zinaweza kuwa nzima. Mweleze mwenye nyumba mapema ili azime kompyuta. Na usichukulie kuanguka huko kama kipimo cha RCD. Kitufe cha T kipo kwa kazi hiyo.

Linalonisumbua zaidi ni pale isipoanguka na testa isitetemeke: laivu kwa nyutro inanguruma, laivu kwa ardhi kimya. Waya wa ardhi haujafika popote. Pengine fimbo ya ardhini haikuwahi kuchimbiwa, pengine waya ulikatwa wakati wa ukarabati. Sasa fikiria unachofanya sekunde ile umeweka ncha hapo: unaupelekea waya mzima wa ardhi moto kupitia koili. Waya huo umefungwa kwenye mwili wa kila kitu cha chuma ndani ya nyumba, birika, friji, mashine ya kufulia, na ile hita ya maji ya moto bafuni. Mtu akiwa anaoga wakati huo, unampima yeye.

Kwa hiyo kabla ya kipimo hiki nagonga mlango wa bafu. Nauliza, "Mama, kuna mtu anaoga?" Naomba kila kitu cha chuma kichomolewe na watoto watoke jikoni. Halafu nagusa kwa nusu sekunde, basi. Kama ardhi haipo, sihitaji sekunde ya pili kujua.

Mshale umepanda lakini haitetemeki

Hiyo ni DC, stima ya upande mmoja kama ya betri au sola. Inagonga mara moja, tap, kisha inatulia. Siku hizi paa nyingi za Nairobi zina sola, na mnyororo wa paneli unaweza kufika volti mia kadhaa mchana wa jua. Angalia kama testa yako imeandikwa volti za DC na kikomo chake. Ukiachia, cheche ya DC ni ndefu kuliko ya stima ya kawaida kwa sababu haina sekunde ya kupita sifuri, kwa hiyo usiitoe polepole.

Na betri za sola za volti 48 testa hii haizioni hata kidogo. Kimya chake hapo hakina habari yoyote, wakati betri ile ikiguswa na spana inaweza kuyeyusha chuma. Tumia multimita.

Inapata moto, inanuka

Koili haikuundwa kukaa kwenye stima. Soma mgongoni mwake. Nyingi huruhusu sekunde 15 hadi 30 kisha ipumzike. Kosa la kawaida ni kijana kuzipachika ncha kwenye terminali aende kwenye bodi kutafuta breka inayohusika, akisubiri mngurumo ukatike. Kwenye 415 ni mbaya zaidi: volti zimeongezeka mara 1.7, joto linaongezeka mara 3. Ile harufu ya vanishi iliyoungua inamaanisha waya za koili zimeanza kugusana, ukinzani wake unashuka, na kipimo kinachofuata kitapitisha stima zaidi ya kile kilichotangulia. Haitengenezeki kwa kuipuliza.

Hapo ndipo swali la mahali pa kuitumia linapokuja. Testa nyingi za zamani za aina hii hazina fyuzi wala alama ya CAT, ile inayoonyesha chombo kimeundwa kutumika salama sehemu gani ya mfumo wa stima. Kwenye soketi na taa, nyuma ya breka ndogo, ni chombo kizuri. Kwenye bodi kuu, karibu na mita au karibu na transfoma, kitu kikipasuka ndani ya mkono wako kuna maelfu ya ampea nyuma yake. Huko natumia testa ya ncha mbili ya kisasa, iliyotengenezwa kwa kiwango cha IEC 61243-3, yenye maandishi ya CAT III au CAT IV, na ambayo nayo ina kitufe cha kuongeza mzigo ili kuondoa volti za kivuli.

Haifanyi chochote hata kwenye moto unaojulikana

Mara nyingi ni waya uliokatika karibu na shina, pale unapokunjwa kila siku. Uinamishe huku na huku wakati ncha haziko kwenye kitu chochote, ukitumia multimita upande wa omu: namba ikirukaruka, umeupata. Pengine ni vumbi la simenti limekwamisha chuma. Itikise, kinapaswa kuteleza na kugonga kwa sauti ndogo.

Waya wa chombo cha kupimia siufungi kwa tepu. Yangu ya kwanza ilipoanza kukatakata mngurumo, niliukata waya wake karibu na mwili na kuzivunja ncha, kisha nikaitupa, asije mtu akaiokota jaani na kuiuza barabarani kama nzima.